Ngamia Anayechechemea

Wiki iliyopita katoni moja ya vitabu ilipasuka pale bandarini, na tangu siku hiyo natafuta mtu wa kumsimulia.

Kazi yangu ni kusimama gatini hapa Juba na kuhakiki mizigo kabla haijapakiwa kwenye tishari zinazoshuka na mto kwenda kaskazini. Unga, sukari, mabati, sabuni, magodoro. Mara mojamoja hupita katoni za vitabu vya msaada, zimetoka nchi za mbali, zinapelekwa kwenye shule za huko chini ya mto. Ukivisoma vichwa vyake utacheka. Kuna vya kufundisha watu kuteleza kwenye theluji, kuna vya kuoka keki za Krismasi, kuna vya sheria za kodi za nchi ambayo hakuna mwanafunzi wetu atakayeikanyaga. Kuli mmoja aliinyanyua katoni bila kujua kwamba chini imelowa, na vitabu vikamwagika miguuni pangu. Kimoja kilikuwa kinene, na kwenye jalada lake palikuwa na picha za sarafu. Nilikitambua kabla akili haijaelewa. Nilikiokota, nikakaa juu ya gunia la unga, nikakipakata.

Sikukifungua papo hapo. Na wewe, rafiki yangu, usiwe na haraka. Kwanza njoo nikupeleke Hai Malakal, mtaa wetu hapa hapa Juba, maana bila kufika kwetu hutaelewa kwa nini mtu mzima alilia bandarini mbele ya makuli kwa sababu ya kitabu.

Hai Malakal ya utoto wangu haikuwa na hoteli ile ya ghorofa unayoiona leo pale kwenye kona. Palikuwa na uzio wa matete, na ndani ya uzio tukul mbili za udongo zilizoezekwa nyasi, mwarobaini mmoja, na jiko la mkaa ambalo sikumbuki kuliona limepoa. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda mimi na haboba, kama tunavyowaita bibi zetu hapa Juba. Wazazi wangu walibaki kule kutafuta riziki. Asubuhi niliamshwa na honi ya gari la maji, na kama honi haikutosha, haboba alifagia makusudi karibu na kichwa changu. Kazi zangu zilikuwa kukinga maji kwenye pipa, kusugua sufuria kwa majivu na kutwanga karanga za mchuzi. Nikifumba macho bado napata harufu ya zile karanga zikikaangwa, na bamia kavu ikitokota, na haboba anasonga asida, ugali wetu, huku akilaumu kwamba mkaa wa siku hizi ni vumbi tupu. Jioni alifunga vizuri lawa yake begani, lile shuka la maua wanalovaa mama zetu, akamimina chai ya tangawizi, na hapo hata wewe mwenye njaa ulijua siku imekwisha vizuri.

Haboba alikuwa na mkebe. Alipokimbilia Uganda katika vita vya zamani, hakubeba kitu alichokithamini zaidi ya ule mkebe wa sarafu za Sudan ya kale, zile zenye mtu aliyepanda ngamia. Hazikuweza kununua hata kiberiti. Alizibeba kwa ajili ya watoto. Katika nyumba yao, toka kwa mama yake na mama wa mama yake, mtoto alipozaliwa bibi alitoboa sarafu moja, akaitia uzi mweusi, akamfunga shingoni. Na haikutobolewa ovyo. Tundu halikuruhusiwa kumgusa ngamia wala mpandaji. Lilipita juu yao, kwenye anga tupu. Haboba alitumia msumari wa zamani wenye pembe nne, kwa hiyo tundu lake lilikuwa la mraba, na hujawahi kuona jingine kama hilo popote.

"Ukipotea," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda, "mtu yetu akiona hii shimo, atajua wewe iko mtoto ya nani."

Yangu ilikuwa na kasoro. Siku nilipozaliwa kambini kule Uganda, haboba alitoboa akiwa na wasiwasi, msumari ukateleza, ukaacha mkwaruzo mrefu kwenye mguu wa mbele wa ngamia. Watoto wa jirani walinizomea kwamba ngamia wangu anachechemea. Nililia nikataka nibadilishiwe. Haboba alikataa katakata. "Maleesh," akasema, yaani si kitu. "Acha achechemee. Atafika tu."

Sasa mwalimu. Alikaa upande wa pili wa uzio, peke yake, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi kila siku hata kama shuleni hapakuwa na chaki. Alikuwa amesomea Kenya akiwa mkimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mimi nilimwona mtu mwenye elimu kuliko wote duniani, na sikosei sana. Shuleni kwao yalikuja makatoni ya msaada kama haya haya, na humo kikatoka kitabu kikubwa cha wakusanya sarafu, chenye picha za sarafu za kila nchi. Hakuna aliyekitaka. Mwalimu alikichukua nyumbani, na jioni moja akapiga kelele juu ya uzio.

"Mama! Hebu leta ile mkebe yako!"

Alikuwa ameona kosa. Haboba, mbali na ngamia zake, alikuwa na senti za zamani za Afrika Mashariki, zile zilizotoka kiwandani na tundu katikati na pembe za ndovu kuzunguka tundu. Kitabu kilisema ni pembe za nyati. Haboba alipotafsiriwa hayo alicheka hadi chai ikampalia. Mimi nilikimbia nikaangalia picha, nikaangalia sarafu, nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi. Kitabu kizima, kizito vile, chenye karatasi za kung'aa, kimedanganya, na mimi nimekikamata.

Kuanzia jioni hiyo tukawa wawindaji wa makosa. Nilimaliza sufuria mbiombio, nikapenya kwenye pengo la uzio, tukakaa mkekani na kitabu katikati. Mwalimu alikuwa na kanuni moja na hakuivunja kamwe. Kosa lilihitaji macho manne. Aliyeliona alinyamaza, akampa mwenzake ukurasa bila kumwonyesha kidole. Mwenzake naye akiliona, basi liliandikwa pembeni kwa penseli, pamoja na herufi za kwanza za majina yao wote wawili. Mwenzake akikubaliana na kitabu, hakuna kuandika wala kubishana, kitabu kimeshinda.

"Kitabu si Mungu," alipenda kusema. "Kimeandikwa na watu, na watu huchoka. Lakini hata wewe waweza kuchoka, msichana. Ndiyo sababu tunaulizana."

Nilishindwa mara nyingi, na niliponuna alinipa njugu. Siku nyingine mwalimu alikuwa hayupo, nikaona kwamba ndege wa kwenye sarafu za Uganda ameitwa tausi. Sikuweza kungoja. Nilikibeba kitabu kichwani hadi kwa mama wa dukani, mwanamke wa Masaka kule Uganda aliyetuuzia sukari na mafuta ya kupima, nikamfungulia bila kusema neno. Aliinama, akavaa miwani, akapandwa na hasira.

"Huyu? Huyu ni korongo, iko kwa bendera yetu! Nani ameandika uongo hii? Leta kalamu!"

Mwalimu alizikuta herufi zetu pembeni mwa ukurasa akafurahi wiki nzima.

Kosa kubwa tulilipata kwenye ukurasa wa Sudan, na nililipata mimi. Nilikuwa nimelala kifudifudi mkekani, sarafu yangu inaning'inia shingoni, ikatua juu ya picha ya mwenziwe. Ngamia wawili walikuwa wanatazamana. Wangu anakwenda huku, wa kitabu anakuja huku. Nilidhani nimelewa jua. Nikajaribu kusoma maandishi ya Kiarabu yaliyo chini ya ngamia wa kitabuni, na mimi Kiarabu nilikuwa nakisoma vizuri, hayakusomeka. Ndipo nikakimbia kuchukua kipande cha kioo cha haboba, nikakisimamisha kando ya picha, na ndani ya kioo maandishi yakanyooka. Picha ilikuwa imechapwa kinyume. Wachapaji, kwa kuwa kwao Kiarabu ni michoro tu, hawakujua. Nilimpa mwalimu kitabu na kioo, nikakaza midomo. Alipoelewa alinyanyuka, akazunguka ua, akarudi, akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Ukurasa huo huo ulisema pia kwamba sarafu yoyote iliyotobolewa imeharibika. Mwalimu alimweleza haboba kwa aibu kidogo. Haboba aliacha kusonga asida.

"Imeharibika wapi? Zamani ilikuwa pesa ya bure. Mimi ndiyo nimetengeneza yeye."

Mwalimu alifikiri, akasema hilo nalo ni kosa na lina macho manne. Akaandika pembeni: haikuharibiwa, ilitengenezwa. Haboba hakujua kuandika, akachora kijimraba kama tundu lake. Alikuwa na furaha ya kitoto siku hiyo, na mimi nilimpenda hadi nikataka kulia.

Mwalimu aliwaandikia wachapaji. Tulingoja hadi tukasahau, kisha jibu likaja kupitia mtu wa shirika fulani: asante, tafadhali tutumieni picha safi ya sarafu yenyewe. Mwalimu alitaka yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeng'arishwa na shingo. Alisema ataipeleka kwa mpiga picha wa soko la Konyo Konyo, na kwamba kitabu kipya kikitoka, ngamia atakwenda njia yake, na chini yake watasoma ni sarafu ya nani, imetobolewa na nani, kwa nini. Alilirudia hilo mara nyingi: si picha tu, lazima waandike ni ya nani. Haboba alikubali shingo upande. Aliufungua ule uzi mweusi kwa mikono yake, na shingo yangu ikahisi baridi, niamini.

"Utarudisha," haboba alisema.

"Nitairudisha, mama. Jioni hii hii."

Alasiri hiyo risasi zikaanza.

Wengi mmeyasikia ya siku zile na sina hamu ya kuyasimulia. Tulilala chini hadi mlio ukapungua, kisha tukatoka na mkeka na sufuria moja. Mlango wa mwalimu ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Hakuwa amerudi kutoka sokoni. Haboba alisimama pale akiita hadi nikamvuta. Tulifika Uganda kwa lori, tukarudi kwenye maisha ya kambi kama watu waliotoka likizo. Waliopita Hai Malakal baadaye walisema nyumba zetu zilibebwa zote, hadi matete ya uzio. Kuhusu mwalimu, hakuna aliyemwona, akiwa mzima wala maiti.

Haboba alifia kambini, baada ya wazazi wangu. Hadi mwisho aliniambia mwalimu ni mtu wa ahadi, amevuka, atakuwa Kenya, na sarafu yangu anayo. Nami nililishika hilo. Ndilo nililobaki nalo. Nimesoma, nimerudi Juba, nimepanga chumba barabara ya Bilpam, nimezeeka kidogo, na miaka yote hiyo nimejiambia kwamba mahali fulani mtu mrefu mwenye suruali ya pasi anawaandikia wachapaji. Niliuliza madereva wa malori ya Nairobi. Niliuliza walimu. Sikuwahi kuvaa kitu kingine shingoni.

Basi sasa turudi kwenye gunia la unga. Kitabu kilikuwa kile kile, chapa mpya. Nilitafuta Sudan, karatasi zinagandana kwa unyevu. Nikafika. Ngamia alikuwa anakwenda njia yake. Maandishi ya chini yake yalisomeka sawasawa, bila kioo.

"Wamerekebisha!" nilipiga kelele, makuli wakageuka.

Kisha nikaona kwamba angani, juu ya mpandaji, kuna tundu. La mraba. Na kwenye mguu wa mbele wa ngamia kuna mkwaruzo mrefu. Ilikuwa yangu. Rafiki yangu, siwezi kukueleza furaha ile. Nikasikia sauti ya haboba kabisa, atafika tu, na nikajua mwalimu yu hai. Alivuka! Alituma! Nilicheka na machozi yakanitoka, nikaanza kuwaza nitamtafuta kupitia hao wachapaji, nitamwambia kwamba haboba alimtetea hadi mwisho.

Ndipo nikasoma maneno ya chini. Yalikuwa machache. Sarafu imeharibika, ina tundu na mkwaruzo. Ilinunuliwa kwa muuza vitu vya kale. Asili yake haijulikani.

Nilisoma tena na tena nikitafuta kosa la macho yangu. Mwalimu asingeruhusu hivyo. Mtu aliyefurahia wiki nzima herufi za mama wa dukani pembeni mwa ndege, asingeiachia sarafu yangu bila kuandika ni ya nani. Kama angekuwa hai angewasumbua hadi wachoke. Sarafu ilifika huko kwa mikono mingine, mikono iliyomkuta nayo mfukoni siku ile, kati ya Konyo Konyo na nyumbani. Miaka yote nimemngoja mtu ambaye hakuipita alasiri ile. Niliambiwa kifo chake na kitabu cha sarafu, juu ya gunia la unga, na hapakuwa na mtu wa kumpa habari, kwa sababu wa kupewa habari wote wamekufa.

Haboba alisema mtu wetu akiliona tundu atajua. Mtu wetu aliyebaki ni mimi. Nimeliona, na kujua kwangu hakumsaidii yeyote. Uzio umekwenda, mwarobaini umekatwa, pale tulipotandika mkeka sasa ni maegesho ya magari ya hoteli, na wale wanawake waliojua kutoboa anga bila kumgusa ngamia hawakubaki hata mmoja. Nilitoa kalamu. Nilitaka kuandika pembeni, haikuharibiwa, ilitengenezwa, na niandike ni ya nani. Mkono ukasita. Nilikuwa na macho mawili tu.

Yule kuli aliyepasua katoni alinisogelea, mtu wa makamo, mpole, anadhani nalilia vitabu vilivyolowa.

"Madam, iko shida?"

Nilimpa ukurasa bila kumwonyesha kidole, kama nilivyofundishwa. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza. Aliangalia kwa makini, akiniangalia na mimi kidogo, anataka sana kunisaidia. Kidole chake kilizunguka, kikashuka, kikasimama juu ya lile tundu la mraba.

"Hii moja," alisema. "Hii iko na shimo. Imeharibika."

"Una uhakika?"

"Ai, madam. Nani atachukua pesa ya shimo?" Akanirudishia kitabu taratibu. "Wao wameandika nini?"

"Wameandika hivyo hivyo."

"Basi wameandika kweli. Kalas."

Nilifunika kalamu. Tulikirudisha kitabu ndani pamoja na vya theluji na vya keki, tukaizungushia katoni utepe wa gundi, nikaipitisha, na tishari ikaondoka nayo.